Kikapu Kilichosifiwa

Nimelikata neno "nice" kwa kalamu nyekundu kwa miaka mingi kuliko niliyoishi na baba yangu mzazi. Ninafundisha Kiingereza sekondari hapa Kibondo, na kila mwaka nawapa kidato cha kwanza insha ileile, "Kijiji Changu", kwa sababu nimechoka kubuni nyingine. Kijiji ni nice. Mlima ni nice. Maharage ni nice, mama ni nice, mbuzi ni nice, na mwaka fulani msiba wa babu wa mmoja wao nao ulikuwa nice, watu wakala wali. Nakata. Pembeni naandika: tafuta neno jingine. Hawatafuti. Hata mimi ningekuwa wao nisingetafuta. Mtoto ametembea kuja shule, atatembea kurudi, jembe linamsubiri nyumbani, halafu kapata neno moja linalofaa kwa kila kitu. Kwa nini ajisumbue?

Nje ya darasa ndiyo usiseme. Huko neno limeshapewa uraia, linaitwa naisi. Limeandikwa kwenye kibao cha saluni jirani na soko, limeandikwa kwenye madigadi ya bodaboda, watangazaji wa redio wanalitema kila wimbo ukiisha, na wapo wasichana waliobatizwa hivyo. Ukimuuliza kijana habari za mtihani anakujibu, "Naisi tu, mwalimu," na hapo hapo unajua kwamba kafeli.

Mwaka huu nimeacha kulikata. Wenzangu ofisini wanadhani ni uzee. Kuchoka nimechoka kweli, wala sifichi, lakini sababu si hiyo. Sababu ni kikapu cha marehemu dada yangu, kilichotoka nyumbani kwa mama, kijijini Heru Juu, kwa ajili ya neno hilo hilo moja.

Kwanza lazima nieleze namna tulivyolelewa. Katika kaya yetu, na kaya zote nilizozijua utotoni, mtu hakusifu mali ya mwenzake mbele yake. Ukisifu umeomba. Wazee walitusimulia kwamba zamani aliyetaka ng'ombe kwa mkubwa hakutamka kuwa anataka. Alikwenda akakaa, akawasifia ng'ombe pembe, akawasifia mwendo, akawasifia rangi, mpaka mwenyewe akamkatia mmoja. Tangu hapo sifa ikabaki kuwa mkono ulionyooshwa. Bibi alipotuchukua kwenda kusalimia watu alituonya njiani tusikodolee macho vitu vya wenyewe, na kitu kikitupendeza mno tutafute kasoro yake. Basi mtu akiona fahali amenona anasema, "Na huyu naye ni ng'ombe?" Mwenye fahali anacheka, moyo wake umetulia, anajua jirani yake ni mtu wa adabu.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja Kasulu mjini, Mwislamu mwenye asili ya pwani, ambaye alipohamia alikaribishwa na baba yangu. Huko kwao mtu akipenda kitu anasema mashallah, basi, yamekwisha. Alisema mashallah kwa jogoo, akasema kwa papai, akasema kwa kigoda alichokalia. Alirudi mjini na jogoo, mapapai na kigoda. Kesho yake akavirudisha vyote kwa aibu, na hapo ndipo alipotaka kugombana na baba, maana kurudisha kitu ulichopewa ni kumwambia mwenyewe kwamba hana hadhi ya kutoa. Ilibidi avichukue tena. Kwa miaka mingi baadaye, baba akienda dukani kwake alipewa sukari ya kuongezea, na wote wawili walijua ni ya nini.

Sasa kikapu. Dada yangu alikuwa mkubwa wangu, na alikisuka masika ambayo kifua kilimzidi akawa hawezi tena kushika jembe. Alikaa barazani na nyasi zake na katani, na nyuzi za mgomba alizozilaza kwenye tope mpaka zikawa nyeusi tii. Kilikuwa kikapu kirefu chenye mfuniko uliochongoka, na michoro myeusi iliyopanda ikizunguka kutoka kitako hadi ukingoni. Alipofika katikati aliona mchoro umekwenda upande, akakifumua chote akaanza upya, huku akikohoa. Hakuishi sana baada ya kukimaliza. Siku ya kuondoa matanga nguo zake ziligawiwa ndugu, sufuria zake zikaenda kwa shangazi, na mama akabaki na kikapu. Alikiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, akatia ndani maharage ya mbegu yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse. Kila msimu wa kupanda alikishusha, akatoa mbegu, akakirudisha. Kitu kingine cha dada hakuna, hata picha nzuri hatuna.

Mwaka jana shule yetu ilipata mwalimu wa kujitolea, binti wa Kiingereza, aliyekuja kukaa muhula mmoja. Alipewa chumba jirani na nyumba yangu, na kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa somo, nikakabidhiwa yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona, nilizidi kuchoka, kwa sababu kila kitu kilitaka maelezo. Lakini alikuwa na moyo safi, na kila alichokiona alikiita nice. Maandazi ya kantini nice, mvua nice, vumbi la njia ya sokoni nice. Nilimwambia kwa utani kwamba nimepoteza nusu ya maisha yangu nikilifuta neno hilo kwa watoto, naye kaja kuliotesha tena. Alicheka sana. Akasema hata mwalimu wake wa shule ya msingi alikuwa akiwakataza.

Alipoomba kuja na mimi kumsalimia mama, nilimpa onyo lile lile la bibi. Tukiwa Kasulu stendi, tunangoja bodaboda za kutupandisha Heru Juu, nilimweleza yote, ya ng'ombe na ya yule mwenye duka. Alisikiliza kwa makini. Akaahidi kufunga mdomo, na kwa haki ya Mungu alijitahidi. Mama alimwandalia ugali wa muhogo na maharage, akala kimya, akishukuru kwa kichwa. Mtoto wa jirani alipita na mbuzi, mgeni akatazama chini. Nikaanza kupumua.

Kisha akainua macho juu ya kabati.

Alisimama. Alikwenda pale, mikono ameifumbata mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kushika, akafuata ile michoro kwa macho kutoka chini mpaka juu, polepole, na nikaona uso wake unabadilika. Nadhani hata yeye hakujua kwamba amefungua mdomo. "Nice," alisema, taratibu, tofauti kabisa na alivyosema kwa maandazi. "So nice."

Nilimgeukia mama haraka nikasema kwa Kiha kwamba mgeni anasema chakula kimemkolea.

"Mwalimu, usinidanganye," mama alijibu kwa Kiswahili, ili na mgeni asikie. "Redio ninayo. Naisi naijua."

Akainuka. Alikishusha kikapu, akamimina mbegu zote kwenye ungo, akapuliza majivu, akafuta ukingo kwa ncha ya kitenge, akakileta kwa mikono miwili. Mgeni alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ningefanya nini? Nikamwonyesha kwa macho apokee. Alipokea, na mama akakaa akaanza kumuuliza kama kwao nako watu wanalima maharage.

Usiku ule nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Kesho yake njiani kurudi Kibondo nilimwambia mgeni kikapu ni cha nani. Alilia. Alitaka tugeuze pale pale tukirudishe, na mimi, nasema kweli, nilitaka hivyo kuliko yeye. Nilikitaka kile kikapu. Nilitaka kikae pale juu ya kabati mpaka mama aondoke duniani, halafu kiwe changu, na nisiwe na haja ya kumweleza mtu yeyote kwa nini. Lakini nilimkumbuka baba na jogoo wake. Kukirudisha ilikuwa ni kumpiga mama kofi usoni.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa ofisi ya walimu, wengine wameshaenda nyumbani, na yeye akavuta ile kamusi yetu kubwa ya Kiingereza isiyo na jalada. Alisema anataka kulijua vizuri neno lililomtia matatani. Tukalisoma pamoja, mimi nikiwa nimeegemeza kichwa ukutani. Neno lilianzia katika Kilatini, na huko maana yake ilikuwa mtu asiyejua. Wafaransa wakalichukua, kwao likawa la kumwita mtu mjinga. Waingereza walipolipokea likaendelea kuwa tusi kwa muda, kisha likawa la mtu mchaguzi asiyeridhika na chochote, kisha la jambo dogo linalotaka umakini, kisha kitu laini, na mwishowe, baada ya kutangatanga hivyo, likawa la kupendeza. Tusi limezeeka likawa sifa.

"Basi ndio mimi," alisema. "Asiyejua."

Nilimwambia tu kwamba sisi walimu tungelijua hilo mapema tungewaonea huruma watoto.

Siku za kuondoka kwake zilipokaribia, nilipata wazo, na sikulala nikiligeuza. Kama sifa ndiyo iliyokitoa, sifa ingeweza kukirudisha. Tungekwenda kumuaga mama, mgeni amekibeba kikapu, amejaza zawadi ndani, kwa sababu kikapu cha kupewa hakirudi kwa mwenyewe kitupu. Mama angekishika tena. Ingetosha aseme neno moja tu, kizuri, basi, naye mgeni angelazimika kukiacha kwa heshima zote, hakuna aliyekosewa. Mgeni alilipenda wazo hilo hata kuliko mimi. Alinunua sukari, sabuni na kitenge cha rangi ya kijani, akavipanga ndani kwa uangalifu.

Mama alitupokea mlangoni. Alitoa kitu kimoja kimoja, akikisalimu kwa mkono, akisema, "Wakoze, wakoze chane." Hiyo ndiyo asante yetu, na undani wake ni kumwambia mtu kwamba amefanya kazi. Kikapu kilipobaki kitupu alikipakata. Alikizungusha. Alipitisha kidole kwenye mchoro mweusi, akaufuata unavyopanda, akafika ukingoni, akakifunika kwa mfuniko, akakifunua, akakifunika tena. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, sema, Mama, sema tu.

"Mfuniko umelegea," mama alisema kwa Kiha. "Na hapa kwenye kitako nyasi zimeanza kukatika. Mwambie asikiweke karibu na moto."

Nilimfasiria. Mama aliingia ndani, akarudi na konzi za maharage ya mbegu kutoka kwenye ndoo ya plastiki, akayatia kwenye kikapu, akakifunika, akamrudishia mgeni kwa mikono miwili. Alikuwa ametafuta kasoro kama bibi alivyotufundisha. Maana yake ilikuwa moja, hakiombi.

Mgeni aliondoka na kikapu chake. Alinikumbatia stendi akilia, akasema atakitunza, nami nikamjibu najua. Sikuwa na hasira naye tena. Nilikuwa mtupu, uchovu ule wa mtu aliyepalilia shamba zima halafu ng'ombe wakaingia.

Nilimaliza miezi bila kwenda Heru Juu. Nilisingizia mitihani, nikasingizia magoti, na magoti kweli yananisumbua, lakini lami imefika siku hizi, Kibondo na Kasulu si mbali tena, na mama alijua. Nilipokwenda hatimaye nilimkuta barazani anachambua maharage. Ndoo ya plastiki ilikuwa pembeni yake. Juu ya kabati, nilipoingia kuweka mkoba, palikuwa na duara lenye vumbi jepesi kuliko kwingine pale kikapu kilipokuwa, na hakuna kitu alichokiweka juu yake.

Nilitoka nikakaa. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Mama, kwa nini hukukichukua? Tulikuletea hadi mikononi."

"Nilijua mmekileta kwa hila," alisema. "Yule binti hajui kuficha uso. Na wewe hujui tangu mdogo."

"Sasa kwa nini?"

Aliendelea kuchambua. Mawe huku, maharage kule.

"Kile kikapu kimekaa humu ndani tangu dada yako atuache," alisema. "Watu wangapi wameingia? Majirani, watu wa jumuiya, mapadri, wakwe, mabwana shamba. Umewahi kumsikia mmoja amekitaja?"

Nilifikiri. Sikumkumbuka hata mmoja.

"Wanakipita kama sufuria. Si kwamba hawaoni. Ni watu wa adabu. Nani atamsifia mama aliyefiwa kikapu cha mtoto wake, ili aonekane anakiomba? Wamenihurumia, wakanyamaza. Wote mmenihurumia, mwana wanje, mwanangu. Hata wewe." Alitupa jiwe uani. "Mtoto wangu alikifumua akakisuka upya, pumzi hana, na kazi yake haikuambiwa neno. Miaka yote hiyo. Mimi mwenyewe ningemsifia nani? Mtu hasifii cha kwake. Akaja yule, hajui kitu, akasimama pale akasema. Ningemnyima vipi?"

Nilichukua konzi ya maharage nikaanza kuchambua naye.

"Na tangu kimeondoka," mama aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo, "wanakuja mmoja mmoja. Mama yule wa jirani alikaa hapo ulipokaa, akasema, jamani, kile kikapu kilikuwa kizuri, mwanao alikuwa na mkono. Katekista naye kasema. Hata yule mzee asiyesemaga kitu amenisimamisha njiani. Walikuwa nayo moyoni muda wote. Kimeondoka, hakuna cha kuomba tena, midomo imefunguka."

Aliacha kuchambua, akanitazama usoni.

"Na wewe sasa unaweza. Hata ukikisifu sina cha kukupa. Kisifie dada yako."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewasahihisha watoto wa wilaya hii maneno yao mpaka macho yamefifia. Nilikaa pale kwenye kiti changu, nikatafuta neno lenye uzito, lenye asili nzuri, lisilotumiwa ovyo kila mahali, na sikulipata.

"Kilikuwa kizuri, Mama," nilisema. "Kizuri sana. Alikuwa na mkono mzuri."

"Wakoze," alisema mama. Akarudi kwenye ungo wake, mawe huku, maharage kule. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Sema tena. Sema kwa sauti ile ya darasani, mama wa jirani yuko uani kwake anapepeta."

Nikasimama, magoti yakilia, nikasema tena kwa sauti.